Kitanda cha Santina

Mtu akikuambia kunguni ni wadudu wa watu wachafu, mwambie Halimah wa Naguru amesema huo ni uongo, na kama anabisha aje anione. Nimelala na kunguni, nimewaua, nimewachemshia maji mpaka vidole vikababuka, na ninajua ninalolisema: mwanamke msafi kuliko wote niliopata kuishi nao ndiye aliyeingiza kunguni katika mstari wetu. Jina lake Santina Lakot. Amekwisha kufa sasa, huko kwao Kitgum, mzee wa kutembea na fimbo, na wachache wanaomkumbuka hapa Kampala wanamkumbuka kama fundi wa kunguni. Walikuwa wakimwita mpaka Old Kampala na Mengo awaonyeshe namna ya kuwamaliza. Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta mmoja. Nitaeleza kwa nini alikuwa akienda kuelekeza tu, wala hakukubali tena kushika birika.

Mstari wetu ulikuwa chini ya kilima cha Naguru, nyumba za vyumba viwili viwili zilizoshikana, bati moja refu toka mwanzo hadi mwisho. Ukipiga chafya kwako, jirani anakuombea afya bila kuacha kumenya ndizi. Mimi ni Mnubi, mjukuu wa askari aliyeletwa nchi hii na Waingereza, na wakati huo nilikuwa mjane. Santina alikuwa Mwacholi, mke wa Tarcisio Obwona, dereva wa greda la barabara, mwanamume mrefu aliyelazimika kuinama kwenye kila mlango. Tulimwita Santina Mama Akwero, kwa jina la binti yake, aliyekuwa akilelewa na bibi yake kaskazini. Mume wangu Abubaker alipobanwa na pumu na gari halipatikani, Obwona alimbeba mgongoni mpaka barabara kuu, akasimama katikati ya lami hadi lori likasimama, akamfikisha hospitali ya Mengo. Abubaker alifia huko, lakini alifia kwenye shuka nyeupe, mkono wake umeshikwa. Mgongo ule sikuusahau, na hata leo nikimkumbuka Obwona naanza na mgongo.

Kitanda kilikuja mwaka ule Wahindi walipoamriwa kuondoka. Mji ulijaa vitu vya watu wengine. Ungemwona huyu amebeba kabati, yule cherehani, yule kioo kikubwa kuliko yeye. Obwona hakupora. Mwenye duka mmoja wa Old Kampala, aliyekuwa akimuuzia sukari na chumvi miaka yote, alimwita akamwambia achukue kitanda, maana hakupenda kilaliwe na mtu asiyemjua.

Kilikuwa kitanda kizuri, na mimi sikukipenda. Chini yake hapakuwa wazi. Palikuwa na sanduku zima la mbao, urefu wa kitanda chenyewe, ambamo mke wa Mhindi aliweka mablanketi na nguo za harusi za binti zake. Juu ya sanduku zilipangwa mbao zenye nyufa nyembamba kati yake, zimefungwa bawaba upande mmoja ili ziinuliwe kama kifuniko, na godoro likakaa juu. Obwona alikileta vipande vipande akakiunganisha ndani, na kilipokamilika kilikuwa kikubwa kuliko mlango.

"Hii sasa inakaa humu mpaka nyumba ianguke," alisema akicheka.

Hakuna aliyekikagua. Santina, aliyefua hata vitambaa vya kufutia sufuria, hakupitisha hata mshumaa kwenye zile nyufa, kwa sababu kilitoka nyumba ya kitajiri na kilinukia udi. Sote tulikuwa hivyo mwaka ule. Kitu kikitoka kwa Mhindi tuliona kimeoga.

Haukupita muda shingo ya Obwona ikaota vipele vilivyojipanga, na mashuka ya Santina yakawa na madoa madogo ya damu. Alipowaona wenyewe, wamejaa kwenye bawaba kama mbegu za ulezi, alikaa chini akalia kwa aibu. Halafu alifuta machozi akaanza vita, na sijaona vita kama ile. Miguu mifupi ya kitanda aliitia kwenye makopo ya mafuta ya taa. Viungo vyote alivipaka mafuta hayo kwa unyoya wa kuku. Godoro lilikaa juani mchana kutwa, likigeuzwa kama mkate. Matundu ya ukuta aliyaziba kwa sabuni iliyokandwa na majivu, na kitanda akakivuta kisiguse ukuta popote.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja: usifungue kiota kabla ya maji. Mjinga akiona kunguni kwenye ufa hubandua mbao apate kuwaona vizuri, na hapo ameshawatawanya nyumba nzima. Watakimbilia kwenye mapindo ya pazia, nyuma ya picha, kwenye kola ya mtu aliyesimama karibu. Santina alichemsha maji mpaka yatokote, akayamimina ndani ya ufa polepole, ndipo akafungua kutazama maiti.

"Kwanza maji," alikuwa akisema. "Kufungua ni baadaye."

Obwona alimtania kwa maneno hayohayo kila alipokuta sufuria ya chakula imefunikwa. Kupitia ukutani nilimsikia: kwanza maji, kufungua ni baadaye, na Santina anamwambia aondoe mikono yake michafu. Walikuwa watu wa kupendana, hilo halikuwa siri kwa bati moja lile.

Kunguni walikuwa karibu kwisha wakati askari walipokuja. Kaka yake Obwona alikuwa mwanajeshi wa serikali iliyopinduliwa, na alikimbilia Tanzania. Miezi ile hilo lilitosha. Waacholi walikuwa wanachukuliwa kazini, kanisani, kituo cha basi, wanaingizwa kwenye buti ya gari mchana kweupe, na walioona walitazama viatu vyao. Obwona alikuwa safarini anachonga barabara upande wa Mubende. Aliyewaonyesha askari mlango wake alikuwa Abudu.

Huyu Abudu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na alikaa nyumba ya mwisho ya mstari. Zamani alikuwa kondakta wa basi, kila mtu akimtania. Sasa alikuwa na kazi ambayo hakuitaja jina, na hakuna aliyemtania. Hakuwa mtu wa kelele. Aliamkia wazee, alisaidia akina mama kubeba ndoo, na ndiyo maana nilimwogopa zaidi.

Askari walipekua, wakavunja sahani, wakaondoka. Obwona alipata habari njiani, akajificha kwenye kinamasi cha Kinawataka, na siku moja ya mvua kubwa, watu wote wamejifungia ndani, akaingia kwake. Hakuwa na pengine pa kwenda. Barabara zote zilikuwa na vizuizi. Santina akatoa mablanketi kwenye sanduku, akamweka mumewe ndani, akafunika mbao na godoro. Mke akawa analala juu na mume chini yake, na mstari mzima ukijua Obwona amevuka mpaka zamani.

Haya yote mimi sikuyajua. Nilichojua ni kwamba kunguni wamerudi. Walipita kwenye dari, wakashuka kwangu, wakaenda kwa jirani wa pili na wa tatu. Mwanamke aliyewapiga vita kama vile sasa alianika godoro saa moja, akalirudisha haraka, kitanda hakigusi. Wenzangu wakaanza kusema maneno. Nami nina hasira za karibu, ninakiri. Siku moja niliingia kwake na bakuli la mafuta ya taa na unyoya wangu, nikamkuta anachambua mboga.

"Mama Akwero, wewe umechoka, mimi sijachoka," nikamwambia. "Leo hii kitanda yako naimaliza."

"Mama Sitti, wacha. Tafadhali wacha."

Sikuacha. Niliinua godoro nikalisukuma ukutani, nikainama na unyoya, nikatazama kwenye ufa nione wamejificha wapi. Kwenye ufa kulikuwa na jicho. Lilikuwa linanitazama, na kunguni mmoja alikuwa anatembea juu ya unyusi, na mwenye jicho hakuweza hata kumpangusa.

Nililirudisha godoro polepole, nikalinyoosha shuka, nikasema kwa sauti ya kusikika nje kwamba kweli hawa kunguni wamezidi, inafaa tutafute dawa ya unga. Santina alikuwa amesimama na kisu cha mboga mkononi. Sijui angekifanyia nini. Nilimshika mkono nikamkalisha.

Ndipo akanieleza kwa kunong'ona. Askari walikuwa wamerudi mara nyingine, Obwona akiwa mle ndani. Mmoja aliinua pembe ya godoro kwa mtutu wa bunduki, akaona kunguni wanakimbia kila upande, akaliachia na kutukana, akatoka anajikung'uta. Tangu siku hiyo Santina aliwaacha wazaane. Mwanamke yule, aliyelia kwa aibu alipomwona wa kwanza, sasa alikuwa anawafuga kwa damu ya mumewe.

"Wanamkula," alisema. "Anasema afadhali hao."

"Mpaka lini?"

"Ambroise anakuja Jumatatu ya wiki ile ingine."

Ambroise alikuwa Mkongo, dereva wa lori la ngozi mbichi za ng'ombe zilizopelekwa upande wa mpakani. Ngozi zile zilinuka kiasi kwamba askari wa kizuizi walimpungia mkono apite. Ilibaki kungoja tu. Nilitoka pale naogopa, na sioni haya kulisema. Nilikuwa na binti yangu Sitti wa kulea. Lakini nilikuwa nimeubeba ule mgongo moyoni, na sikuwa na namna ya kuutua.

Alhamisi ile Abudu akaja kwangu, ameoa karibuni, ana kitanda cha chuma kipya na mke mdogo. Alikunja mkono wa shati akanionyesha vipele.

"Shemeji, mimi silali. Bibi analia, anataka kurudi kwao."

"Pole, shemeji. Ni hii joto."

"Siyo joto. Hii kitu inatoka kwa Mama Akwero, watu wote wanasema." Aliongea taratibu, bila chuki. "Jumamosi mstari yote inatoa vitu nje. Kila nyumba. Mimi mwenyewe nitapita nione."

Hilo halikuwa jambo geni kwetu. Katika nyumba za kushikana kunguni huuliwa siku moja kwa wote, maana ukiwafukuza kwako wanahamia kwa jirani, na jirani akiwafukuza wanarudi. Anayekataa anawaharibia wengine. Tulikuwa tumefanya hivyo hata kabla ya Abudu kupata kazi yake. Kwa hiyo wanawake walifurahi, na Santina hakuwa na neno la kukataa ambalo lisingezua swali. Nikamwambia amtoe Obwona kabla ya Jumamosi. Akaniuliza ampeleke wapi. Kwangu Abudu aliingia bila kubisha hodi, kama ndugu.

Jumamosi kukacha jua kali. Uani kulijaa magodoro, mikeka, viti, nguo za watu ambazo hukupaswa kuziona. Madebe ya maji yalichemka juu ya mafiga, na moshi wa pilipili kavu ulitoka madirishani, watu wakikohoa na kucheka. Wanawake walikuwa na furaha kweli, ndivyo ilivyo kazi ya pamoja. Nilikuwa nacheka nao huku nikitazama mlango wa Santina. Santina alitoa godoro, meza, masanduku ya nguo, kila kitu. Ndani kilibaki kitanda tu, na juu ya Obwona tulikuwa tumetandaza mablanketi mawili.

Abudu alipita nyumba moja moja, mikono nyuma. Alipofika kwa Santina alisimama kizingitini, na mimi nikasimama nyuma yake.

"Hii kwa nini haitoki nje?"

"Haipiti kwa mlango," Santina akasema. "Obwona aliifungia humu."

"Obwona," Abudu akasema. "Bado hajatuma habari?"

"Hajatuma."

"Akituma utaniambia, mama."

"Nitakuambia."

Aliinama kidogo, akatazama zile mbao na nyufa zake. Kunguni walionekana hata kutoka mlangoni. Alitoa kitambaa akajifuta shingo.

"Kumbe nyumba yao ndiyo hii. Fungua tuone ndani."

Nilimwona Santina akitazama mbao. Sitasahau uso wake, kwa sababu haukuwa na kitu. Nilidhani amezimia akiwa amesimama. Halafu akasema, kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuelekeza majirani:

"Hapana, ndugu yangu. Ukifungua sasa watakurukia, wataingia kwa nguo, utapeleka kwa bibi yako. Kwanza maji. Kufungua ni baadaye."

Ndani ya sanduku Obwona alisikia. Nilijua amesikia, kwa kuwa mbao zililia kidogo, kama kitanda chochote kikongwe kinavyolia, na Abudu hakutia maanani. Baadaye tulielewa kuwa ndipo alipojigeuza kifudifudi.

"Sawa," Abudu akasema. "Leta maji."

Nilikimbia mimi. Nilichota kwenye debe, nikapitia bombani kusudi nizimue na maji baridi, na niliponyanyua kichwa nikakuta Abudu amegeuka ananitazama kwa upole.

"Shemeji, hiyo si ya kunawa. Leta ile inatokota."

Nikamwaga, nikachota upya. Nilimpa Santina birika likitoa mvuke, na hatukutazamana. Alianza miguuni. Mkono wa kulia ulishika birika na wa kushoto aliulaza juu ya mbao, kama mtu anayejishikiza asianguke. Nilisikia maji yakipita kwenye ufa na kuangukia kitu kisicho mbao. Nje mwanamke mmoja alikuwa anamtania mwenzake kuhusu godoro la mumewe. Ndani ya sanduku hapakuwa na sauti, hata pumzi.

"Na huku juu," Abudu akasema. "Pa mto ndipo wanapenda."

Santina akasogea, akamimina na huko. Kunguni wakaanza kutoka, kwanza wachache, kisha kundi zima, wakateremka pande zote za sanduku, wakafika sakafuni. Wawili watatu walipanda kiatu cha Abudu. Aliruka nyuma, akapiga piga miguu, akatoka uani akijikung'uta suruali, na wanawake wakathubutu kucheka, naye akacheka pia.

"Kale, haya, Mama Akwero," alisema kutoka nje. "Wewe ni fundi. Maliza, utafungua baadaye."

Santina aliendelea kuliinamisha birika ingawa lilikuwa tupu. Nililitoa mkononi mwake.

Lakini hatukuweza kufungua. Abudu aliomba kiti, akaombwa anywe chai, akakaa uani mbele ya mlango ule akiota jua na kuzungumza na watu. Dirisha lilikuwa wazi. Santina ilimbidi atoke, asugue meza yake, ajibu utani, amimine chai. Alimmiminia Abudu chai kwa mkono uleule. Jioni ilipofika na watu wakaanza kurudisha vitu vyao ndani, ndipo tulipofunga mlango na kuinua mbao.

Alikuwa hai. Alikuwa ameuma blanketi, na halikutoka mdomoni upesi. Mgongo uliombeba mume wangu ulikuwa umechunika ngozi toka shingoni hadi kiunoni, na ngozi nyingine ilikuja na kitambaa. Tulimpaka asali, tukamfunika kwa majani ya migomba yaliyopitishwa motoni. Dawa ya dukani hatukuthubutu kununua, kwa sababu muuzaji angeuliza nani kaungua. Nilimchukia Abudu siku hiyo kwa chuki ambayo hata sala haikuitoa, na nilimpikia chakula cha jioni alipokuja kuniambia kwamba leo atalala.

Jumatatu alfajiri Obwona alitoka kwa miguu yake. Kulikuwa na magodoro yaliyooza yanayongoja kutupwa kinamasini, na mtu aliyebeba godoro la kunguni kichwani hasogelewi wala hatazamwi usoni. Godoro lilikunjika likamfunika mpaka mabegani. Nilitangulia mbele nikipaza sauti watu wapishe, kunguni wanapita, nao walipisha. Abudu alikuwa anapiga mswaki mlangoni kwake. Aliusogeza mguu wake kando, akasema asante kwa yule mpagazi. Obwona hakuinama wala kuyumba mpaka kona, alipokuwa Ambroise amesimamisha lori. Alipanda akalala kifudifudi katikati ya ngozi mbichi, na inzi wakamfuata.

Wiki kadhaa baadaye Ambroise alirudi, akanikuta bombani, kwa sababu kwa Santina hakutaka kuonekana. Nilimpeleka Santina kwangu, Ambroise akaingia kwa mlango wa jikoni na kutueleza. Walivuka. Alimfikisha hospitali ya upande wa pili, lakini vidonda vilikuwa vimeoza njiani. Aliishi siku chache, akafa.

Santina aliuliza jambo moja tu.

"Alilalia nini?"

"Kitanda ya chuma, mama. Shuka mweupe. Hakuna mdudu hata mmoja."

Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Hakulia, na ni mimi niliyemziba mdomo Ambroise alipotaka kulia. Maana mwanamke wa Kiacholi akifiwa hulia kwa sauti watu waje, na moto huwashwa uani, na watu hukaa kuuzunguka ule moto na mfiwa mpaka wamalize kumlilia mtu wao. Santina angelilia nani? Mstari ulijua mumewe amekimbia zamani na yuko hai huko aliko. Kilio kimoja tu kingemfanya Abudu aulize umejuaje, na habari imeletwa na nani.

Alirudi kwake. Baada ya muda nikasikia shoka ukutani. Nilikwenda nikamkuta anakivunja kitanda. Nilichukua panga nikamsaidia. Tulitoa mbao nje, moja moja, tukazipanga uani, tukazitia moto ingali mchana. Mbao za zamani zile hushika moto polepole. Wanawake walitoka kutazama, wakafurahi kwamba mama wa kunguni leo anamaliza mzizi wao, na mmoja baada ya mwingine wakaleta vigoda na kazi zao za mkono, wakakaa kuuzunguka moto wanapiga soga. Sikuwa nimewaita. Nilipoona duara limekamilika, nilitazama chini nikalia, wakadhani namkumbuka Abubaker.

Santina alikaa karibu yangu, mkono wa kushoto magotini. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila kunigeukia, kwamba siku ile alipokuwa anamimina, kidole cha Obwona kilipita kwenye ufa na kikashika chake. Hakikukaza. Kilimshika tu, na kikaendelea kumshika mpaka birika likaisha.

Abudu alirudi kazini jioni akakuta moto. Alisimama, akashangaa.

"Kitanda mzuri hivi unachoma? Si tulishaua?"

"Mayai inabaki kwa mbao," Santina akamwambia. "Nataka wasirudi."

Alikubali kwamba hilo ni kweli. Aliona moto unafifia upande mmoja, akaenda kwake, akarudi na chupa ya mafuta ya taa, akaimwaga juu ya mbao za mwisho mpaka ndimi zikapanda. Halafu akavuta kigoda akakaa nasi. Kwa hiyo Tarcisio Obwona alikaliwa matanga kama mtu yeyote mwenye watu wake, na Abudu alikuwepo, ameshika kikombe cha chai, hakuondoka mpaka ubao wa mwisho ulipoanguka.